Popo, maabara na unga wa msaada: korona ilitoka wapi, na nani awajibike?

Malaba, upande wa Uganda, hatua chache kutoka foleni ya malori, kuna kijiwe cha kahawa ambapo madereva husubiri karatasi zao zitoke forodhani. Shemeji yangu, Mkenya wa Bungoma aliyemwoa dada yangu, ni dereva wa masafa marefu, na kila akipita hunipigia simu nikamsalimie. Ndivyo nilivyojikuta katikati ya ugomvi. Utingo mmoja alitamka tu "korona ya Mchina", mzee wa Mombasa akamkatiza kwamba Mchina hakuitengeneza, alikula popo. Dereva wa Arua akasema nyote mmedanganywa, ule ulikuwa mpango wa Mmarekani. Sauti zikapanda. Mama anayekaanga chapati pembeni, bila kuinua macho kutoka kwenye kikaango, akasema: "Nyinyi bishaneni na popo wenu. Mimi nataka kuambiwa nani alikula unga wetu."

Watu walicheka, kisha wakarudi kwa popo. Lakini mama yule alikuwa ameshika uzi ambao wanaume wote pale waliuacha uanguke. Kelele zile zilibeba maswali mawili yaliyofungwa kwenye mzigo mmoja: kirusi kilitoka wapi, na nani alipaswa kufanya nini, asifanye. Tumezoea kuyajibu kama swali moja, na hapo ndipo tunapopotezana.

Tuanze na maneno. Mlipuko ni ugonjwa kuzuka mahali fulani na kupata wagonjwa wengi kuliko kawaida. Ebola ya Mubende ya mwaka 2022 ilikuwa mlipuko. Janga la dunia ni mlipuko uliokwisha kuvuka mipaka na mabara, kiasi kwamba huwezi tena kuonyesha kidole kijiji kimoja ukasema uko pale. Korona ilianza kuonekana Wuhan, China, Desemba 2019. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi likaanza kuiita janga la dunia. Chanzo, kwa mwanasayansi, ni njia na mahali ambapo kirusi kilimwingia binadamu wa kwanza. Mtaani, chanzo maana yake ni mkosaji. Neno moja, mizani mbili.

Aliyewahi kufanya biashara Kampala ataelewa haraka nikimkumbusha Owino. Soko lile liliungua 2009, likaungua 2011, likaungua tena 2013. Majivu hayajapoa, wachuuzi wameshagawanyika: ni waya wa umeme, hapana, ni jiko la mkaa lililosahauliwa, hapana, ni watu wanaolitaka lile eneo. Hilo ni swali la chanzo. Lakini aliyepoteza robota zake za mitumba ana maswali mengine. Gari la zimamoto lilifika saa ngapi? Maji yalikuwepo? Njia zilipitika? Hata ukimthibitishia kesho kwamba cheche ilitoka kwenye waya, hujamjibu hata moja kati ya hayo.

Neno "maabara" lina milango mitatu

Mtu akikwambia korona ilitoka maabara, muulize: kwa mlango upi? Kuna mlango wa kwanza, kwamba kirusi ni cha asili kabisa, watafiti walikitoa mwituni wakichunguze, kikamwambukiza mmoja wao. Wa pili, kwamba kirusi kilibadilishwa katika utafiti kisha kikatoroka kwa bahati mbaya. Wa tatu, kwamba ni silaha iliyoundwa na kuachiliwa makusudi. Dereva wa Arua alikuwa ameukumbatia huo wa tatu, ambao ndio dhaifu kupita yote. Mashirika ya kijasusi ya Marekani, ambayo hadi leo hayajaelewana kuhusu chanzo, yalikubaliana mwaka 2021 kwamba kirusi hiki hakikutengenezwa kuwa silaha.

Mlango wa kwanza si ndoto. SARS, binamu wa korona aliyetokea 2002, ilitoroka kwenye maabara Beijing mwaka 2004. Na kuna kisa kilicho karibu nasi zaidi, ambacho nashangaa hakisimuliwi vijiweni.

Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, iliyokuwa Yugoslavia, walianza kuugua homa kali na kutoka damu. Walikuwa wameshughulika na tumbili walioletwa kwa ndege kutoka Uganda, ambao figo zao zilitumika katika kazi ya chanjo ya polio. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Ugonjwa ukapewa jina la mji wa Marburg.

Hebu fikiria kungekuwa na WhatsApp mwaka ule. Mjerumani angesema Uganda imetupelekea ugonjwa. Sisi tungejibu kwamba ugonjwa ni wa Kijerumani, umeanzia maabara zao, hata jina ni lao. Kila upande ungekuwa na kipande cha ukweli mkononi, na ungekitumia kumpigia mwenzake kichwani.

Miaka 40 ikapita. Mwaka 2007 wachimba madini wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walipata Marburg. Watafiti wakaingia mgodini, wakakamata popo wala-matunda waliojaa humo kwa maelfu, na mwaka 2009 wakachapisha jibu: kirusi hai kilipatikana ndani ya popo wale. Kumbe tumbili wa 1967 nao walikuwa wagonjwa tu kama wale Wajerumani. Kwa hiyo Marburg ilizuka maabara au ilitoka mwituni? Yote mawili. Watu wa kwanza kujulikana kuugua waliambukizwa kazini maabara, na kirusi chenyewe kilikuwa cha popo wa huku kwetu tangu zamani.

Kilichotokea Kitaka baada ya hapo kinanikaa kichwani kuliko vyote. Wachimba madini waliamua kuwamaliza popo, na karibu wawamalize kweli. Mgodi ulipofunguliwa tena, popo wachache walirudi. Watafiti walipowapima walikuta walioambukizwa ni kama asilimia 13, ilhali kabla ya mauaji walikuwa kama asilimia 5. Yaelekea popo wapya, wasio na kinga, walihamia nyumba iliyoachwa wazi. Na mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena Ibanda, kilomita kama 20 kutoka mgodini. Mtuhumiwa alikuwa yule yule, ushahidi ulikuwa kamili, adhabu ikatolewa, na hali ikawa mbaya zaidi.

Turudi Wuhan. Wanaosema korona ilianzia sokoni, kwa wanyama, wana haya: wagonjwa wengi wa Desemba 2019 waliishi kulizunguka Soko la Huanan, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga humo. Vipimo vilivyochukuliwa sakafuni na kwenye vibanda vilikuta kirusi zaidi upande walikouzwa wanyama hai, na katika baadhi ya sampuli hizo hizo kulikuwa na vinasaba vya mnyama mdogo wa manyoya wa jamii ya mbweha, ambaye anajulikana kuambukizwa korona. Pengo lao ni kubwa pia. Soko lilifungwa tarehe 1 Januari 2020 na kusafishwa, wanyama wale wakawa wameshaondolewa kabla ya kupimwa, na mpaka leo hakuna mnyama mgonjwa aliyeshikwa. Huenda binadamu aliyekwisha kuambukizwa ndiye aliyekiingiza kirusi sokoni.

Wanaosema maabara wana hili: kati ya miji yote, ugonjwa ulizukia mji wenye Taasisi ya Virusi ya Wuhan, inayochunguza virusi vya korona vya popo. Wanaongeza usiri wa China, na usiri huo si hadithi. Wanachokosa ni kirusi chenyewe. Hakuna ushahidi uliowekwa hadharani kwamba taasisi ile ilikuwa na korona hii, au mzazi wake wa karibu, kabla ya mlipuko.

Hapa watu hutaja ile "asilimia 96". Ndugu wa karibu wa korona wanaojulikana walipatikana kwa popo wa Yunnan, kusini mwa China, na wa Laos, wakifanana nayo kwa asilimia 96 na kidogo. Inasikika kama pacha. Lakini wewe na sokwe mnafanana vinasaba kwa karibu asilimia 99, na sidhani kuna anayekuitia sokwe kwenye kikao cha ukoo. Kwa kirusi, pengo la asilimia 3 au 4 ni miongo ya miaka ya kuachana njia. Tena kutoka Yunnan hadi Wuhan ni zaidi ya kilomita 1,000. Umbali huo unaweza kuvukwa na lori la wafanyabiashara wa wanyama, na unaweza kuvukwa na gari la watafiti lenye boksi la sampuli. Hausaidii upande wowote.

Mnamo Juni 2025 jopo la wanasayansi lililoundwa na WHO, likiongozwa na Marietjie Venter wa Afrika Kusini, lilisema uzito wa ushahidi uliopo unaelemea upande wa wanyama. Likaongeza kwamba China haikutoa taarifa nyingi zilizoombwa, na kwamba bila hizo dhana ya maabara haiwezi kuchunguzwa wala kutupwa. Miezi michache kabla, Januari 2025, CIA, shirika la kijasusi la Marekani, ilisema inaelemea maabara, kwa "imani ndogo". Magazeti yaliandika nusu ya kwanza ya sentensi hiyo kwa herufi kubwa. Imani ndogo, kwa lugha ya majasusi, ni mtu anayekuambia nadhani mvua itanyesha, huku akiacha nguo zake kwenye kamba.

Mimi nikibanwa ukutani nitasema soko. Nitasema hivyo nikijua kwamba faili moja kutoka Wuhan inaweza kunibadilisha kauli.

Uongo unaozunguka

Mzee wa Mombasa na popo wake. Ile video ya msichana akila supu ya popo, iliyotufikia sote mwaka 2020, ilipigwa Palau, kisiwa cha Pasifiki, mwaka 2016. Dhana ya wanasayansi haikuhitaji mtu ale popo. SARS ya 2002 ilipita kwa fungo, MERS, binamu mwingine wa korona aliyetokea 2012, inapita kwa ngamia, na katika visa hivyo anayeambukizwa ni anayemshika mnyama, anayemchinja, anayelala karibu naye.

Kuna wanaosema: ingekuwa ni wanyama, mnyama angeshapatikana. SARS ilichukua kama miaka 15 hadi pango lenye popo wa virusi vinavyofanana nayo likatambuliwa. Marburg ilichukua 42. Ebola inajulikana tangu 1976, sisi wenyewe tumeizika Gulu, Bundibugyo, Mubende, na mnyama anayeihifadhi bado hajathibitishwa. Kuchelewa kwa jibu hakuthibitishi njama.

Na kuna desturi ya zamani ya kumtafuta mgonjwa wa kwanza ng'ambo ya mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ukimwi ulipoanza kuua wavuvi na wafanyabiashara wa Kasensero, Rakai, wapo waliosema ni uchawi wa Watanzania waliodhulumiwa mali zao. Ng'ambo, Kagera, ugonjwa huo huo uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wakati pande mbili zikinyosheana vidole, kirusi chenyewe kilikuwa kimetoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun na kuzunguka Kinshasa tangu kama miaka ya 1920.

Unga wa mama chapati

Sasa swali lake. China ina lake la kujibu, na halihitaji popo wala maabara. Daktari Li Wenliang aliwaonya wenzake Desemba 2019, polisi wakamwita Januari 2020 na kumsainisha karatasi ya onyo, na mwezi uliofuata akafa kwa ugonjwa ule ule. Kanuni za Kimataifa za Afya, zilizopitishwa 2005 kwa sababu ya SARS, zinaidai nchi itoe taarifa ndani ya saa 24 baada ya kubaini tukio linaloweza kuwa dharura ya dunia. Kanuni hizo hazina polisi. Jopo huru lililoongozwa na Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia na Helen Clark wa New Zealand lilisema mwaka 2021 kwamba Februari 2020 ilikuwa mwezi uliopotea: tahadhari ilishatolewa, nchi nyingi zikakaa kusubiri zione.

Nchi tajiri nazo. Uganda ilipokea shehena ya kwanza ya chanjo tarehe 5 Machi 2021, dozi 864,000, kwa taifa la watu zaidi ya milioni 40. India, ambako chanjo hiyo ilitengenezwa, ikabana usafirishaji ilipozidiwa yenyewe. Juni wimbi la Delta likatukuta hatujachanjwa. Nani alikula popo hakukuhusu kitu hapo. Wenye fedha walikuwa wameshanunua kilichokuwa bado kiwandani.

Kisha sisi. Uganda ilifunga shule tarehe 20 Machi 2020, siku moja kabla ya kutangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyetoka Dubai. Kwa wiki zile uamuzi ulikuwa na mantiki, na nchi iliyozoea Ebola ilijua kupima watu uwanja wa ndege mapema kuliko wengi. Kifo cha kwanza kilitangazwa Julai. Lakini ukiacha madarasa ya mitihani na awamu chache za kurudi, shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka 2, wanafunzi kama milioni 15, kufungwa kurefu kuliko kokote duniani. Kirusi kilikuwa kile kile kilichokuwa Kenya na Tanzania. Binti wa jirani yangu aliingia lokdauni akiwa P.6, darasa la sita, na madaftari yake ameyafunika kwa karatasi za kalenda. Shule zilipofunguliwa alikuwa na kibanda cha nyanya kando ya barabara na mtoto mgongoni. Miezi ya kwanza ya kufunga naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Mwaka wa pili sijawahi kusikia utetezi ulionishika, na uliamuliwa Kampala.

Mama chapati wakati ule alikuwa anauza Bwaise, mtaa wa Kampala. Kafyu ya saa 1 jioni ilimuua kibiashara, maana chapati za Bwaise huuzwa usiku. Serikali ilipoanza kugawa chakula Aprili 2020, kilo 6 za unga wa posho, yaani wa mahindi, na kilo 3 za maharage kwa mtu, yeye alikaa mlangoni siku 2 akisubiri lori. Liligeukia mtaa wa pili. Mwezi huo huo maafisa wanne wakubwa wa serikali walikamatwa wakituhumiwa kupandisha bei ya chakula cha msaada, na Bunge likajitengea shilingi bilioni 10, milioni 20 kwa kila mbunge, hadi Rais mwenyewe akalikemea. Hakuna lolote kati ya hayo linalosubiri matokeo ya Wuhan. Ndiyo maana, nadhani, viongozi wa kila nchi wanaupenda sana mjadala wa chanzo: ukibaki hapo, hakuna anayefungua daftari la stoo.

Sisemi chanzo hakina maana. Kama ni soko, kazi iko kwenye biashara ya wanyama. Kama ni maabara, kazi iko kwenye usalama wa maabara, na hilo linatugusa moja kwa moja. Taasisi ya Utafiti wa Virusi iko pale Entebbe tangu 1936, na kirusi cha Zika kilipewa jina la msitu ulio jirani nayo, kilipogunduliwa mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa humo kwa uchunguzi. Dunia imechukua sampuli huku kwa miaka mingi. Mkataba wa majanga uliopitishwa na nchi wanachama wa WHO Mei 2025, baada ya kura 124 bila ya kupinga kwenye kamati, unataka viwanda vishiriki kutenga asilimia 20 ya chanjo na dawa wakati wa janga, angalau nusu yake bure. Kiambatisho cha kueleza sampuli zitatolewaje na faida igawanywe vipi kiliachwa kijadiliwe baadaye, na bila hicho mkataba haufunguliwi kusainiwa. Na kwa wanaosambaza kwamba WHO sasa itaweza kutufungia nchi: maandishi yenyewe yanasema wazi kwamba haina mamlaka hayo. Aliyetufungia mwaka 2020 tunamjua kwa jina na tulimsikiliza kwenye televisheni.

Karatasi za shemeji zilitoka kama saa 10. Kabla hajapanda lori nilimuuliza kuhusu Mei 2020, maana hajawahi kunisimulia vizuri. Alipimwa hapo hapo mpakani, akalala chini ya trela siku 4 akisubiri majibu, huku bodaboda wakipita mbali na kumpigia kelele "tonsemberera", usinikaribie. Majibu yakaja ana korona. Ilikuwa ndiyo wiki Uganda ilipoamua madereva wageni watakaokutwa nayo warudishwe kwao na waondolewe kwenye idadi ya wagonjwa wa nchi. Alivushwa, akajitenga kwa kaka yake Bungoma kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi, hakuna mtu aliyekuja kumwandika.

"Mpaka leo," alisema akifunga mlango, "sijui niko kwenye hesabu ya nani."